Magoti, Si Mgongo

Wewe kijana wa fulana ya njano, uliyemwinua mwenzako Jumamosi iliyopita pale ukumbini Temeke, mimi ndiye yule mzee wa kiti cha nyuma aliyeguna mpaka watu wakageuka. Sikuguna kwa ubaya. Niliguna kwa sababu ulimwinua yule binti kwa mgongo. Uliinama kama mtu anayetafuta sindano, ukamkamata, ukavuta. Leo una miaka ishirini na kitu na mgongo unakuitikia. Ukifika umri wangu utauita nao utajifanya haujasikia.

Mlininunulia soda, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi hii ya kuigiza kwa kubebana ilivyokuwa enzi zetu. Haya, nimeandika. Mkiona nimeruka huku na huku mnisamehe, kumbukumbu za mzee haziji kwa kupanga foleni.

Jina langu ni Athumani, lakini kiwandani hakuna aliyelitumia. Niliitwa Jeki, kama jeki ya gari. Nilikuwa mbeba marobota katika kiwanda cha nguo Chang'ombe. Mchana nabeba marobota ya pamba, jioni nabeba watu. Miaka ile ya Ujamaa kila kiwanda kilikuwa na kikundi chake cha utamaduni. Wengine walikuwa na ngoma, wengine kwaya, na karibu wote walikuwa na ngonjera. Ngonjera zilikuwa nyingi jamani! Ulikuwa huwezi kufungua hata bomba la maji bila mtu kusimama na kukughania faida za maji.

Sisi hatukuwa na ngonjera. Msidhani ni kwa akili, ni kwa sababu ya kelele. Katika banda la mitambo ya kufuma, mashine mia zinapigapiga kwa wakati mmoja, hata ukipiga mayowe jirani yako anaona mdomo tu. Kwa hiyo watu wa banda lile walizungumza kwa mwili. Kidole shavuni, maana yake msimamizi anakuja. Kiganja kifuani, nimechoka. Viwiko viwili mbavuni, uzi umekatika. Walisengenyana humo kutwa nzima bila kutoa sauti, na mtu akitoka humo jioni alikuwa ameshazoea kusema kwa mabega. Siku tulipoambiwa tutunge mchezo kwa ajili ya sikukuu ya wafanyakazi, tulikaa tukatazamana, hakuna aliyefungua mdomo. Mikono ndiyo iliyoanza.

Aliyetufundisha kubebana aliitwa Kulwa, Mnyamwezi wa makamo ambaye kabla ya kuja kiwandani alikuwa mpakiaji wa magunia bandarini. Mimi ni Mzaramo, asili yetu Kimbiji, na nyie mnajua Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Yule mtu hakunipa hata siku moja ya kupumua. Nikifika mazoezini nikisema, "Shikamoo Mzee Kulwa," ananijibu, "Marahaba, kikombe kimekuchosha leo?" Maana yeye alishikilia kwamba Mzaramo tangu aumbwe amejua kuinua kitu kimoja tu, kikombe cha chai, na hicho nacho akiwa amekaa. Mimi namjibu kwamba babu zake walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, babu zangu wakaipokea wakiwa wamekaa, sasa nani mjinga? Tukimaliza kutukanana ndipo kazi inaanza.

Kulwa alikuwa na sheria zake, nami nawapa bure.

Ya kwanza, magoti. Shuka kwa magoti, panda kwa magoti, mgongo uwe umenyooka kama nguzo. Ya pili, usimkamate mtu vidole. Mkamate kifundo cha mkono naye akukamate chako, hata mmoja akilegea yupo mwingine. Ya tatu, pumueni pamoja. Kulwa alikuwa akihesabu "moja, mbili, pumua," na kwenye pumua ndipo mtu anapanda. Alisema gunia halina akili lakini halina hofu pia. Mtu ana vyote viwili, na hofu yake inapungua akisikia pumzi yako iko sawa na yake.

Sheria ya nne tuliipata kwa makosa yetu. Tulikuwa na dereva mmoja mtanashati, ambaye siku ya maonyesho ya kwanza aliamua kung'aa. Akajipaka mafuta ya nazi mwili mzima, kuanzia kisogoni mpaka kwenye nyayo. Jukwaani aling'aa kweli. Nikamkamata, akaponyoka. Nikamkamata tena, akaponyoka. Mara ya tatu tuliishia kumsukuma taratibu mpaka pembeni kama sabuni sakafuni, watazamaji wakapiga makofi wakidhani tunaonyesha bepari anavyokwepa kodi. Basi, msipake mafuta.

Sheria ya tano inahusu suruali, na hapa ndipo anapoingia Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mwanamke wa kusini, Mngindo wa Liwale, mjane, anafanya kazi katika banda la kufuma. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, mfupi, mwepesi, mkali kuliko pilipili kichaa. Alipojiunga na kikundi watu walicheka, mama mzima anapanda mabegani kwa vijana! Alipanda mara moja tu wakanyamaza. Alipanda kama anapanda ngazi ya nyumbani kwake, akasimama juu, akaanza kutafuta makosa ya watu walioko chini. Ndiye aliyekuwa mbebwaji wangu. Mbebaji na mbebwaji huwa jozi, kama jembe na mpini, na tulikaa hivyo miaka miwili.

Wakati ule chama kilikuwa kimepiga vita nguo za kubana. Vijana wa chama walikuwa wakisimama barabarani na kuingiza chupa kwenye mguu wa suruali yako, isipopita umekwisha. Mimi nilikuwa nayo moja, ya rangi ya kahawia, nikaivaa mazoezini kwa kuwa nyingine iko kambani. Kulwa akahesabu moja, mbili, pumua. Nikashuka kwa magoti kama nilivyofundishwa, na suruali ikapasuka kutoka mbele mpaka nyuma kwa mlio ambao hata mitambo ya kufuma isingeuzima. Kikundi kizima kikalala chini kwa kicheko. Bi Somoe yuko mabegani, hakutikisika. Akasema tu kutoka huko juu, kwa sauti ya mwenyekiti wa tawi, "Chama kilikuonya."

Nilimpenda yule mama kwa kweli. Ndiyo maana nilichokuja kukifanya kilikuwa cha kijinga maradufu.

Bi Somoe alikuwa na binti, Mwajuma, anafanya kazi kitengo cha kufungasha. Jioni alikuwa akimsubiri mama yake kwenye uwanja wa kupakilia, amekaa juu ya robota, miguu inaning'inia, anatutazama na kutucheka. Siku moja aliniambia, "Wewe unambeba mama kama mtungi wa kuazima." Usiku ule sikupata usingizi. Mtungi wa kuazima! Baada ya hapo kila jioni nikawa nabeba mtu mmoja kichwa changu kikimtazama mwingine, na Kulwa akaanza kunipigia kelele kwamba shingo ya mbebaji haigeuki.

Sasa, mila mnaijua, au mnajifanya hamuijui. Mwanamume hapeleki posa kwa mdomo wake. Anatafuta mshenga, mtu mzima mwenye ulimi laini, anapeleka barua kwa wazee wa binti. Mtu wa mwisho kabisa wa kuambiwa na muoaji mwenyewe ni mama wa binti.

Mimi nilimwambia mama wa binti, kwa mdomo wangu, akiwa amesimama mabegani kwangu.

Nina utetezi. Wazee wangu walikuwa Kimbiji, mbali, mshenga sina. Nilikuwa na woga wa kumtazama Bi Somoe usoni, na akiwa juu ya mabega hanioni uso wala mimi simwoni wake. Nikaona hapo ndipo pazuri. Kulwa alikuwa amekwenda kunywa maji. Nikasema, "Bi Somoe, nina neno."

"Sema, lakini usitikisike."

"Nataka kuleta posa. Kwa Mwajuma."

Kisha nikahisi vidole vya miguu yake vikinibana mabega, vyote kumi, kama kunguru aliyekamata tawi.

"Wewe Jeki," akasema taratibu. "Una wazimu?"

"Sina, Bi Somoe."

"Una mshenga?"

"Sina, Bi Somoe."

"Mtu unamposa mwanangu huku umenishika miguu! Nishushe. Nishushe polepole, na nikishakanyaga chini usinitazame tena. Ushakuwa mkwe, mwanaharamu wewe."

Alipokanyaga chini alichukua kanga yake juu ya robota, akajifunika kichwa mpaka machoni, akaondoka akitembea upandeupande ili asinipe uso. Kulwa aliporudi na kikombe chake alimkuta mbebaji amesimama peke yake uwanjani.

Mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja. Kwa watu wa kusini wa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito, na kumshika mwili hata hakutajwi. Nami nilikuwa nimemshika mkwe wangu miaka miwili, kila jioni isipokuwa Jumapili! Zilikuwa zimebaki wiki tano kufika sikukuu ya mwaka ule. Mchezo wetu mzima ulimtegemea yeye. Ulikuwa unaonyesha nguo inavyofumwa. Sisi wanaume tulikuwa mtambo, mistari miwili, na yeye alikuwa uzi unaorushwa huku na huku katikati yetu, juu ya mikono, mpaka mwisho namsimamisha mabegani kama nguo iliyokamilika.

Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wa jirani. Nikamweleza yote. Akacheka mpaka kofia ikateleza.

"Bwana Athumani," akasema, "ukishamuoa binti, mama yake anakuwa maharimu wako. Kama mama yako mzazi, huwezi kumuoa milele. Kumshika mkono, kumbeba akiumwa, hakuna neno. Kosa lako ni hiyo miaka miwili ulipombeba akiwa bado si maharimu wako."

Nikamrudia Kulwa. "Dini inasema sikutakiwa kumbeba kabla," nikamwambia. "Mila inasema nisimbebe baada. Sasa mzee, nimbebe lini?"

Kulwa akafikiri sana. "Wewe ulipaswa kuzaliwa Mnyamwezi," akasema.

Lakini ndiye aliyenisaidia. Alikuwa mshenga wangu, alikwenda na barua, akarudi na habari kwamba mama hana neno ila mwenye kauli ni mjomba, kaka yake Bi Somoe, Mzee Chitanda, naye yuko Liwale. Mjomba akaandikiwa. Barabara ya kusini wakati huo ilikuwa haichezewi, na mvua ndiyo ilikuwa inamalizika. Alifika wiki moja kabla ya sikukuu, kanzu imebadilika rangi kwa matope, na hasira zake zote za njiani alizihifadhi kwa ajili yangu. Aliniweka kitako barazani.

"Nasikia kazi yako kumbeba dada yangu."

"Shikamoo, mjomba. Nilikuwa nambeba, sasa simbebi."

"Nitakuja kuitazama hiyo sikukuu yenu," akasema. "Nikiona mkono wako kwenye mwili wa dada yangu, barua yako narudi nayo Liwale nikafungie tumbaku. Mkwe asiye na haya hapewi mke. Umenisikia?"

Nilisikia. Mwajuma alikuwa nyuma ya mlango, naye alisikia.

Bi Somoe aligoma kuacha mchezo. Alimwambia kaka yake kwamba yeye ni mfanyakazi wa banda la kufuma, banda lake halitakosa uzi kwa sababu ya mapenzi ya mbeba marobota. Kwa hiyo akaendelea kuja mazoezini, amejifunika kanga, na kila alichotaka kuniambia alimwambia Kulwa, ingawa nimesimama hatua mbili kutoka alipo.

"Mwambie huyo mkwe anainama vibaya."

"Jeki, unainama vibaya."

"Mwambie magoti, si mgongo. Miaka miwili namwambia."

"Magoti, Jeki."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia. Jamani, nyie mnanilipa kwa kazi hii?"

Njia tuliyoipata ni ya Kulwa. Alisema, "Sie tunatengeneza nini hapa? Nguo. Basi nguo iwe katikati." Tukachukua kipande kirefu cha nguo, watu wanne tukakamata pembe, tukaikaza, Bi Somoe akalala juu yake. Tukihesabu pumua, tunavuta kwa pamoja, anaruka juu hewani, anatua kwenye nguo, anaruka tena. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Na niwaambie ukweli wangu, ilikuwa nzuri kuliko ile ya zamani. Uzi uliruka kweli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba kizuizi kinaweza kukutungia mchezo mzuri kuliko uhuru, nami tangu hapo nikikwama kwenye mazoezi nilikuwa najiwekea mwiko wowote, hata wa kutotumia mkono wa kushoto, tuone kitazaliwa nini.

Mazoezi tuliyafanya kwa marekani, ile nguo nyeupe nzito isiyo na maua. Siku mbili kabla ya sikukuu nikaona marekani haina heshima. Mjomba atakaa mbele, nami namrusha mama mkwe kwenye nguo nyeupe kama maiti? Nikaenda kitengo cha kufungasha nikachagua kitambaa cha maua mekundu na manjano, kinang'aa.

Mwajuma akakishika kwa vidole viwili. "Hii ya mapazia," akasema. "Haina nguvu. Chukua marekani."

"Nataka mjomba aone namheshimu mama."

"Mjomba anataka kuona hujamwangusha mama."

Ninyi vijana, mtu wa kufungasha anajua nguo kuliko mtu wa kubeba. Nami nilikuwa na miaka ishirini na minne, kwa hiyo nilijua kila kitu. Nikachukua maua.

Jukwaa lilikuwa la mbao juu ya mapipa, kwenye uwanja mmoja Temeke. Watu walijaa mpaka juu ya kuta. Mjomba Chitanda waandaaji walimkuta amevaa kanzu safi na kofia, wakadhani mgeni wa chama, wakamweka mstari wa mbele karibu na meza ya waamuzi wa mashindano ya viwanda. Kikapita kiwanda cha sabuni na ngonjera zao, wakaghani nusu saa. Tukaingia sisi.

Kulwa alianza kupiga mdundo wa mitambo kwenye debe. Wafanyakazi wa banda la kufuma walioko uwanjani wakautambua palepale, wakaanza kuonyeshana kidole shavuni na kucheka, msimamizi anakuja! Mtambo wetu ukawaka. Nguo ikatandazwa, Bi Somoe akalala, tukavuta. Mara ya kwanza akaruka, uwanja ukasema oooh. Mara ya pili akaruka juu zaidi, akajikunja akajikunjua hewani. Nikamwona mjomba ameegemea mbele, mdomo wazi, amesahau kwamba amekuja kunikamata.

Mara ya tatu, alipokuwa juu kabisa, nikasikia mlio. Niliujua mlio ule, tulikuwa tumeshakutana siku ya suruali. Nguo ilikuwa imepasuka katikati, kutoka pembe yangu mpaka pembe ya mwenzangu, na chini yake kuna mbao, na baadhi ya zile mbao zilikuwa na misumari.

Sikufikiri posa. Ningependa kuwaambia nilipima mambo, nikachagua ubinadamu. Uongo. Mwili ulikwenda wenyewe, ndiyo faida ya mazoezi. Niliitupa pembe, nikashuka kwa magoti, nikamdaka. Mkono wa kulia ukamkamata kifundo cha mkono, wa kushoto ukamkamata mguu, na yeye, mtaalamu, alipoona mwili wangu uko chini yake akafanya alichofanya miaka miwili, akapanda. Kisigino kimoja kikanikanyaga katikati ya utosi njiani. Nilipopata fahamu sawasawa, mama mkwe alikuwa amesimama mabegani kwangu, mikono ameinyoosha, maua yaliyochanika yananing'inia kwenye bega lake, na uwanja mzima unapiga mayowe wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Mjomba alikuwa amesimama wima.

"Mama," nikanong'ona, "nikushushe?"

Wiki tano alikuwa hajanisemesha. "Thubutu!" akasema. "Simama. Watu wanatazama."

Nikasimama. Sijawahi kusimama muda mrefu vile. Machozi yalikuwa yananitoka, si kwa uzito, nilijua nimemkosa Mwajuma kwa ajili ya mapazia.

Nyuma ya jukwaa mjomba alitukuta mimi na Kulwa. Bi Somoe alikuwa tayari amejifunika kanga yake, ametupa mgongo. Mwajuma alikuwa ameshika kile kitambaa kilichochanika, akanionyesha ule mpasuko.

"Umemshika dada yangu," mjomba akasema.

"Nimemshika, mjomba."

"Kwa mkono upi?"

"Yote miwili."

"Na kichwa? Nimeona kisigino chake kichwani kwako."

"Na kichwa, mjomba."

"Basi kuku watatu," akasema. "Mmoja wa mkono wa kulia, mmoja wa mkono wa kushoto, mmoja wa kichwa. Mwiko una faini yake, unalipwa, unakwisha. Ungemwacha akaanguka ukiwa na haya zako, ningekudai nini mie? Ng'ombe wa Liwale nzima wasingetosha."

Kulwa akaingilia, huku amenishika bega. "Mzee, kwa utani tu. Huyu ni Mzaramo, kichwa hana. Fanya wawili."

Mjomba Chitanda akacheka. Alicheka akakaa chini kwenye pipa, akafuta macho kwa ncha ya kanzu, na kanga ya Bi Somoe nayo nikaiona inatikisika mabegani. Lakini kuku walibaki watatu, na tuliwala siku ya harusi.

Ushindi wa sikukuu? Waliuchukua wa kiwanda cha sabuni. Sisi tulikuwa wa pili. Mwamuzi mmoja aliandika kwenye karatasi, nami niliitunza miaka mingi: mchezo mzuri, ila sauti za wahusika hazisikiki.

Bi Somoe hakubebwa tena. Alikaa pembeni amejifunika, akawa mwalimu wa kikundi baada ya Kulwa kurudi kwao Tabora, na kwa zaidi ya miaka thelathini aliniambia makosa yangu kupitia midomo ya watu. Baadaye kupitia mdomo wa mke wangu. Baadaye zaidi wajukuu. "Babu, bibi anasema umebeba ndoo kwa mgongo." Tulipojenga Kibamba tulimwekea chumba chenye mlango wake wa nyuma, ili tusikutane. Nikipita dirishani kwake nakohoa, yeye anageuka ukutani. Nilimpenda hivyo hivyo, na nadhani naye alinipenda, maana hakuacha kunikosoa.

Asubuhi moja ya masika miguu yake ilikataa. Teksi ya kumpeleka hospitali ilikwama barabara kuu, udongo wa Kibamba mnaujua, ilibidi abebwe mpaka huko. Watoto wake wa kiume walikuwa kazini mbali. Majirani vijana watatu wakaja, wenye nguvu, wakaingia chumbani. Nikasikia anawafukuza.

"Nyie hamjui kubeba. Niiteni Jeki."

Jina lile hakuna aliyekuwa amelitaja pale nyumbani miaka na miaka. Niliingia nimeinamisha macho. Chumba kilinuka mafuta ya karafuu. Nilikuwa nimeshapita miaka sitini, naogopa kumwangusha, naogopa mgongo wangu, naogopa kumtazama. Nikainama, nikapitisha mikono.

Akanizaba kofi begani.

"Magoti, Jeki," akasema. "Magoti! Mtu hafundishiki, huyu?"

Nikashuka kwa magoti. Akahesabu yeye mwenyewe, kwa sauti iliyokwisha: moja, mbili, pumua. Alikuwa mwepesi kuliko enzi zile, mwepesi mno, na hilo ndilo lililonitoa machozi njia nzima kwenye matope. Yeye aliniambia nisilie, nakoroga pumzi.

Hakurudi. Siku ya mazishi shehe aliuliza maharimu wake ni nani, washuke kupokea. Watoto wake wawili wa kiume wakashuka. Nikaona shehe ananitazama mimi, nami nikamkumbuka yule mwingine wa Chang'ombe na kofia yake iliyoteleza. Nikavua viatu, nikashuka kaburini.

Sanda ilikuwa marekani. Safari hii nguo aliichagua Mwajuma. Walipomteremsha nikashuka kwa magoti, mgongo nimeunyoosha, nikavuta pumzi, nikampokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyenidai kuku.